Kiasi ni Tunda, Hakiingii kwa Kiboko

Anayetoka Ukunda na kuifuata barabara iendayo kusini sambamba na bahari, huipita Diani na mahoteli yake, kisha akafika Galu, mahali ambapo majumba ya kifahari ya wageni na vijumba vya makuti vya wenyeji vimetenganishwa na ua tu. Mbele kidogo kuna Kinondo na msitu wake wa kaya. Katika masafa mafupi, ambayo mtu mzima anaweza kuyatembea kabla jua halijawa kali, mwanafunzi wa sehemu hizi hupita mbele ya shule, msikiti, kanisa, baa, kibanda cha kutolea pesa kwa simu, na ufuo uliojaa watu waliokuja likizoni kutoka nchi za mbali. Kila kimojawapo cha vitu hivyo kina sauti yake, nacho kinamwita. Swali ninalotaka kulijadili katika makala haya ni hili: ni nini kitakachomwezesha kijana huyo kuuitikia mwito mmoja na kuukataa mwingine, hasa ikiwa amelelewa katika imani ya Kikristo?

Swali hili si la kujipatia mazungumzo barazani. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na shirika la UNICEF zilitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono katika pwani ya Kenya. Ripoti hiyo, iliyochunguza Mombasa, Malindi, Kilifi na Diani, ilikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa katika biashara hiyo kwa vipindi mbalimbali. Hapa ni lazima nitangulize jambo moja ili nisieleweke vibaya. Mtoto aliyenunuliwa si mtu wa kuhubiriwa kujizuia; wa kujizuia ni mtu mzima aliyetoa fedha, na wa kumzuia asipojizuia ni polisi na mahakama. Lakini si kila jambo linalompotosha kijana ni uhalifu aliotendewa. Kuna kamari ya simu, ambayo humtaka abonyeze kidole tu. Kuna mnazi, bangi na muguka. Kuna hasira inayomfanya ampige mwenziwe kwa neno moja. Kuna fedha za haraka za ufuoni, zinazomfanya aone miaka minne ya sekondari kuwa ni njia ndefu mno. Katika mambo hayo yapo maamuzi ambayo ni yake mwenyewe, na hakuna awezaye kumwamulia.

Hotuba na kiboko

Sisi walimu tumezoea kuutibu ugonjwa huu kwa dawa mbili. Dawa ya kwanza ni hotuba. Mwanafunzi husimamishwa uwanjani asubuhi akaambiwa ajizuie, ajiheshimu, ajichunge, ajitawale. Vitenzi vyote hivyo ni vizuri, ila havimwelezi hiyo nguvu ya kujizuia ataitoa wapi. Ni kama kumwambia mtu aliyezama katika mkondo wa Likoni ajivute kwa nywele zake mwenyewe mpaka atoke majini.

Dawa ya pili ni kiboko. Sheria iliyokiruhusu katika shule za Kenya ilifutwa mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kuchapwa. Hata hivyo, mazoea hayafi siku sheria inapotiwa saini. Wako walimu na wazazi, wengine wao Wakristo wa dhati, ambao bado wanaamini kwamba kiasi huingia mwilini kupitia mgongoni. Ukweli ni kwamba kiboko hufundisha jambo moja kwa ufanisi mkubwa, nalo ni kumtambua aliyekishika yuko wapi. Wahenga walinena kuwa paka akiondoka, panya hutawala. Kijana aliyezuiwa na hofu hana kiasi, ana mlinzi. Siku atakapomaliza shule na kupata chumba chake Ukunda na mshahara wake wa kwanza wa hoteli, mlinzi hatakuwapo, naye ataanza kujifunza akiwa na umri wa miaka ishirini yale ambayo alistahili kuyajua akiwa na miaka kumi.

Wala isidhaniwe kwamba jina la dini langoni mwa shule latosha kuziba pengo hilo. Tuondoke pwani kidogo, twende Meru. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St Kizito, iliyokuwa ya bweni na yenye uhusiano na Kanisa Katoliki, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakanajisiwa. Nchi nzima ilishikwa na fadhaa. Mengi yaliandikwa siku zile juu ya ulinzi, juu ya usimamizi, na juu ya jinsi wavulana wetu wanavyofundishwa kumtazama mwanamke, na yote hayo yalistahili kuandikwa. Liko jambo jingine ambalo mwalimu Mkristo hana budi kulitafakari: shule ile ilikuwa na jina la mtakatifu, wanafunzi wake walizisikia sala, tena walizijua amri. Maarifa ya lililo jema yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine.

Neno lenyewe

Kwa kuwa kazi yangu ni kuyachunguza maneno, naomba msomaji aniruhusu nilifungue neno moja. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya tano, Mtume Paulo anataja tabia tisa ambazo Roho wa Mungu huzizaa ndani ya mwamini. Ya mwisho katika orodha hiyo, kwa Kigiriki alichokiandika, ni enkrateia. Neno hilo lina mzizi mmoja na neno demokrasia tulilolizoea: kratos, yaani nguvu au enzi. Demokrasia ni enzi ya watu. Enkrateia ni enzi iliyo ndani ya mtu. Mfasiri angeweza kabisa kuandika "kujitawala" na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, waliandika "kiasi", na neno hilo limekita mizizi katika lugha ya makanisa yetu tangu hapo.

Kiasi lilitujia kutoka neno la Kiarabu, qiyas, lenye maana ya kipimo. Kwa bahati njema lilianza kwa silabi inayofanana na kiambishi chetu cha ngeli ya KI-VI, kwa hivyo Waswahili wakalipokea kama mwana wa nyumba, sawa na walivyolipokea neno kitabu. Leo tunalitumia kila mahali. Mpishi hutia chumvi kwa kiasi. Mteja huuliza samaki ni kiasi gani. Mzee wa mtaa humsifu kijana kwa kunena kwa kiasi. Yaani neno hili halinuki udhabihu wala mateso. Halimwambii mtu asile. Linamwambia ale kwa kipimo. Halimwambii asikasirike, linamwambia hasira yake isivuke mpaka wa haki.

Sasa litazame neno kujitawala. Ile silabi -ji- inamfanya mtendaji na mtendwa kuwa mtu mmoja. Mfalme na raia wamo katika ngozi moja. Raia akigoma, mfalme atamtuma askari gani, ilhali askari naye ni yeye yule? Tatizo hilo alilijua vyema Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kuwa alipokuwa kijana alimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, lakini asimpe upesi. Msomi huyo hakukosa maarifa. Aliona kwamba akili yake ikiuamuru mkono, mkono hutii mara moja, ila akili ikijiamuru yenyewe, hukataa. Ni nani kati yetu, mwalimu au mwanafunzi, asiyeijua hali hiyo?

Hapo ndipo neno kiasi linapotusaidia, kwa sababu kipimo hakijipimi. Pishi ya mwuza mchele ni pishi kwa kuwa soko zima limeikubali. Kila mwuzaji akijichongea pishi yake, hakuna tena kiasi. Yabaki matakwa tu, na mnunuzi atalia. Vivyo hivyo, Mkristo hajipimi kwa matamanio yake, wala kwa matamanio ya wenziwe wa rika moja, wala kwa bei ambayo ufuo umemwekea. Ana kipimo alichopewa, yaani maisha ya Kristo mwenyewe. Kijana anayejua thamani yake imepimwa wapi ana la kumjibu mtu anayetaka kumpima upya kwa noti.

Tunda halilazimishwi

Kuna nukta nyingine ndogo ya lugha katika sura hiyo hiyo ambayo wahubiri wengi huipita. Twapenda kusema "matunda ya Roho", lakini Paulo alitumia umoja, na Union Version ikamfuata: ni tunda. Tabia zote tisa ni tunda moja. Maana yake ni kwamba kiasi hakiwezi kuchumwa peke yake na upendo ukaachwa mtini. Mtu aliyejizuia pombe na wanawake, kisha akawadharau walioshindwa, hajafikia kiasi. Amebadilisha kileo tu, sasa analewa sifa zake.

Aidha, Mtume anayaita maovu matendo, ilhali wema anauita tunda. Tendo hufanywa, tunda huota. Mkazi yeyote wa Kwale anaijua tofauti hiyo. Mnazi wetu mrefu wa kienyeji huchukua kama miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na hakuna mkulima anayeupiga mti viboko ili uharakishe madafu. Lakini hakuna mkulima aliye mjinga wa kudhani kwamba, kwa kuwa tunda haliwezi kulazimishwa, basi yeye hana kazi. Huchimba shimo, hupalilia, humwinda chonga asiutoboe mti. Neema ya Mungu haimwondolei mtu jembe mkononi. Imani humwambia alime kwa matumaini, kwa kuwa uhai wa mti haumtegemei yeye.

Mtoto na andazi

Lakini imani na kiasi zimeunganishwaje hasa? Waraka wa Pili wa Petro unaupanga mfululizo wake kwa namna inayostahili kuangaliwa: unaanza na imani, ukafuata wema, kisha maarifa, kisha kiasi, kisha saburi, hata ukafika kwenye upendo. Imani ndiyo ngazi ya chini inayozibeba zote. Kwa muda mrefu wengi wameuona mpangilio huo kuwa ni mapambo ya mwandishi. Utafiti wa kisaikolojia wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba una siri kubwa zaidi.

Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wadogo mtihani mmoja mwepesi. Mtoto aliwekewa kitu kitamu mezani akaambiwa: ukingoja mpaka nirudi, nitakupa viwili. Baadaye ikaonekana kwamba waliongoja walikuja kufanya vizuri zaidi shuleni. Watu wakakimbilia kusema kwamba watoto wengine huzaliwa na nguvu ya nia na wengine hawana. Mwaka 2018 watafiti wengine walilirudia jambo hilo kwa watoto wengi zaidi, wakakuta kuwa uhusiano ule hupungua sana hali ya nyumbani inapotiwa katika hesabu.

Lakini jaribio linalotuhusu zaidi lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Rochester na matokeo yake yakatolewa mwaka 2013. Watoto 28 waligawanywa makundi mawili. Kabla ya mtihani wa kungoja, kila mtoto aliahidiwa na mtu mzima kwamba ataletewa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kundi moja lililetewa. Kundi la pili liliambiwa, samahani, havipo. Kisha ukaja mtihani wenyewe. Watoto walioshuhudia ahadi ikitimizwa walingoja kwa wastani wa dakika 12. Walioshuhudia ahadi ikivunjwa walingoja dakika 3. Katika kundi la kwanza, watoto 9 kati ya 14 walingoja hadi mwisho wa dakika 15. Katika kundi la pili, mmoja tu. Nguvu za nia za watoto wale hazikubadilika katika muda mfupi kiasi hicho. Kilichobadilika ni imani yao kwa aliyeahidi.

Fauka ya hayo, watafiti walioulinganisha uvumilivu wa watoto wa Ujerumani na ule wa watoto wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni, waliwakuta watoto wa miaka minne wa Kiafrika wakiwashinda wenzao kwa mbali. Watoto wa Kinso, waliowekewa andazi dogo la kwao, walingoja kiasi cha saba kati ya kila kumi. Wa Ujerumani hawakufika hata watatu. Baadhi ya watoto wa Kinso walisinzia palepale mbele ya andazi! Hawa ni watoto waliolelewa katika utaratibu unaojulikana, na watu wazima ambao neno lao halibadiliki badiliki.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya maabara. Maneno imani, amini, amana, mwaminifu na amani yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwenye imani ni yule aliyeiweka amana yake kwa mtu mwaminifu, kwa hivyo ana amani na anaweza kungoja. Asiye na wa kumwamini atawezaje kungoja? Kwake yeye, kula sasa ndiyo busara. Kijana wa Galu anayekimbilia fedha za leo huenda si mlafi hata kidogo. Huenda ameahidiwa basari isiyofika, kazi iliyopewa mtoto wa mwingine, na karo ambayo baba aliinywa. Tunapomwambia kuwa subira huvuta heri, yeye huuliza moyoni: heri ya nani?

Kijana wa Namugongo

Hebu na turudi kwa jina lile lililokuwa langoni mwa shule ya Meru. Kizito alikuwa kijana wa takriban miaka 14, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Charles Lwanga, aliyewasimamia vijana hao wa jumbani, aliwakinga wasitumiwe na Kabaka kwa tamaa zake. Mwezi Mei 1886, baada ya kutambua kuwa hatari imefika, Lwanga alimbatiza Kizito na wenzake kadhaa usiku. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Kanisa Katoliki liliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana orodha yao ya mashahidi wa siku zile zile.

Yasimuliwa kwamba Lwanga alimwahidi Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, kuwa saa ya kuamua itakapofika atamshika mkono, na kwamba alimshika kweli. Katika masimulizi hayo limo somo zima la kiasi. Mtoto yule hakukipata kwa kufokewa. Alimwamini Mungu kwa sababu, pamoja na mambo mengine, mtu mzima aliyemletea habari za Mungu alilitimiza neno lake. Mwenye mamlaka makubwa zaidi katika nchi alishindwa kujitawala. Mtumishi mdogo aliweza. Enzi ya nje na enzi ya ndani zilisimama ana kwa ana, na historia inaikumbuka iliyoshinda.

Mji wenye ukuta

Katika kitabu cha Mithali, mtu asiyeitawala roho yake anafananishwa na mji uliobomolewa kuta. Mwanafunzi wa Galu hana haja ya kwenda Yerusalemu ili kuuelewa mfano huo. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vyenye ngome msituni, vilivyozungushiwa ulinzi na kuingiwa kwa milango maalumu. Kaya Kinondo, iliyo jirani kabisa na Galu, ni miongoni mwa misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni aingiaye humo hujifunga kaniki, na haruhusiwi kutoka na chochote, hata kijiti. Msitu ule upo leo, katika pwani ambayo kila kiwanja kina mnunuzi, kwa sababu vizazi vya Wadigo vilikubali kutokata mti ambao mkono uliweza kuukata. Mkristo si lazima akubaliane na kila itikadi ya kaya ili akiri kwamba hapo pana kiasi kinachoonekana kwa macho. Na ajiulize kama shamba la kanisa lake lingali na mti mmoja wa zamani.

Majirani Waislamu nao wanatukumbusha kila mwaka kwamba mwili hufundishwa kwa desturi. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, na katika mitaa ya Ukunda Muislamu na Mkristo walifunga wakiwa majirani. Tofauti ya mafundisho ipo na haifai kufichwa, lakini mwalimu yeyote ataliona jambo linalofanana: anayejifunza kuliacha lililo halali kwa muda, akiwa pamoja na wenziwe na kwa ajili ya Mungu, anajipatia misuli ya kuliacha lililo haramu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wanariadha wanaojizuia katika kila jambo kwa ajili ya taji linalonyauka. Wakenya tunajua zaidi ya wengi kwamba mshindi hatengenezwi siku ya mbio.

Desturi za Kikristo za aina hiyo si siri. Kuna sala ya asubuhi, ambayo humpa mtu nafasi ya kuyaona majaribu ya siku kabla hayajamwona yeye. Kuna mfungo. Kuna siku ya mapumziko, ambayo humwambia mfanyabiashara kuwa fedha si bwana wake. Kuna kuungama, yaani kumtamkia mtu wa kuaminika udhaifu ambao, ukifichwa, hukua gizani. Na kuna ushirika: kijana anayetaka kuacha kamari na ambaye marafiki zake wote wanacheza kamari anapigana vita asivyoweza kuvishinda peke yake. Biblia yenyewe, katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, humshauri kijana azikimbie tamaa za ujanani. Kukimbia si woga. Aliyezima simu yake saa tatu usiku amefanya maamuzi mia moja kwa mkupuo mmoja.

Kiasi kwa liwali

Limebaki jambo moja, na nalielekeza kwetu sisi watu wazima. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya ishirini na nne, kinasimulia kwamba Paulo akiwa mfungwa alizungumza na liwali Feliki pamoja na mkewe juu ya haki, juu ya kiasi, na juu ya hukumu ijayo. Liwali aliingiwa na hofu, akamwambia aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Kitabu kinaongeza kwamba alikuwa akitumaini kupewa rushwa, na kwamba miaka miwili baadaye Paulo alikuwa angali kifungoni. Tazama basi: Mtume aliupeleka ujumbe wa kiasi kwa mwenye cheo, mwenye tamaa ya fedha. Sisi tumeugeuza kuwa somo la watoto wanaosimama juani kwenye gwaride la asubuhi, huku meneja, diwani, mchungaji na mwalimu mkuu wakisikiliza kutoka kivulini kana kwamba wao walikwisha kufuzu.

Ikiwa utafiti wa Rochester una ukweli, na ikiwa mkono wa Lwanga una maana yoyote, basi kila ahadi tunayoivunja inampunguzia mtoto fulani dakika za kungoja. Mwalimu anayesema atasahihisha insha kufikia Ijumaa, akazirudisha Ijumaa, amefundisha kiasi. Mzazi aliyeahidi kununua sare akainunua, hata kama ni kuukuu, amefundisha kiasi. Kanisa lililochanga fedha za karo na kuzipeleka shuleni bila ya kupunguka limehubiri Wagalatia sura ya tano bila ya kufungua kinywa. Na kinyume chake ni kweli pia.

Kwako wewe mwanafunzi, huenda watu waliokuahidi wamekuvunja moyo, na una haki ya kusikitika. Lakini usimpime Mungu kwa pishi ya wanadamu hao. Chagua desturi moja ndogo, iwe sala, mfungo wa mlo mmoja kwa juma, au simu iliyozimwa wakati wa kudurusu. Ishike kwa mwezi mmoja, na mtafute mwenzio wa kuishika pamoja nawe. Ukianguka, inuka bila ya kujitukana, kwa maana mti hauchomwi moto kwa kuchelewa kuzaa. Na kwako mwalimu mwenzangu, kabla hujaingia darasani kesho, kumbuka ni ahadi gani uliyowapa wanafunzi wako ambayo bado hujaitimiza. Anza na hiyo.